Bonneville au XS650: namna ya kuzilinganisha kabla hujatoa pesa

Mtu akikuambia Triumph Bonneville ni bora kuliko Yamaha XS650, au akikuambia kinyume chake, muulize kwanza: Bonneville ipi, na XS650 ipi? Hizi ni pikipiki za miaka hamsini iliyopita. Kila moja imeshapitia kwa wenyewe kadhaa na mafundi wa kila aina, wengine hodari, wengine wa kubahatisha, na jina lililoandikwa kwenye tangi halikwambii tena hali ya vitu vilivyo ndani. Linganisha mashine mbili zilizo mbele yako, si majina mawili.

Nina gereji Kariobangi Light Industries, Nairobi. Unga wa nyumbani unatoka kwa boda boda, lakini hizi za zamani za silinda mbili ndizo ninazozipenda kwa dhati. Nitaeleza nikitumia mfano wa dada mmoja, muuguzi, aliyeniomba nimsindikize kutazama mbili: Bonneville T120 ya mwaka 1970 iliyokuwa kwa mzee mmoja Karen, na XS650 ya mwaka 1976 iliyokuwa South C. Alitaka ya kuendesha wikendi na, Mungu akijalia, kuishindanisha siku moja kwenye Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, ambako pikipiki za zamani nazo huwa na nafasi yake.

Nje zinafanana, ndani hapana

Zote mbili zina silinda mbili zilizosimama bega kwa bega. Pistoni hupanda na kushuka pamoja, na silinda hupokezana kuwaka, moja katika kila mzunguko. Bonneville T120 ni cc 649, XS650 ni cc 653. Ndiyo maana utasikia wengi wakidai kuwa Yamaha waliiga tu kazi ya Waingereza. Anayesema hivyo hajazifungua zote mbili.

Bonneville ilitoka mwaka 1959 katika kiwanda cha Meriden, karibu na Coventry, na ukoo wa injini yake unarudi hadi Speed Twin iliyobuniwa na Edward Turner mwaka 1937. Valvu zake husukumwa na vijiti virefu vinavyopita ndani ya mabomba mawili, moja mbele ya silinda na jingine nyuma. Kipenyo cha silinda ni milimita 71 na pistoni husafiri milimita 82, kwa hiyo inavuta vizuri hata ukiwa mwendo wa chini. Konrodi zake, vyuma vinavyounganisha pistoni na krankshafti (mhimili mkuu wa injini), hukaa juu ya beringi bapa, zile tunazoita shelli, ambazo huishi kwa presha ya oili. Kasha la injini limegawanywa wima, kushoto na kulia, na kiungo chake kinapita hadi chini kabisa, mahali oili inapokusanyika.

XS650 ilianza kuuzwa kwa jina la XS-1, toleo la mwaka 1970. Kipenyo ni milimita 75, mwendo wa pistoni 74. Kamshafti moja, mhimili unaofungua valvu, iko juu kichwani na huzungushwa na cheni inayopita katikati ya silinda. Konrodi hukaa juu ya beringi za roli, na kasha limegawanywa kwa ulalo, kiungo kikiwa juu ya usawa wa oili. Hapo ndipo tofauti kubwa ya madoa sakafuni inapoanzia. XS650 inayovuja oili nyingi ina kasoro inayoweza kutafutwa na kurekebishwa. Bonneville yenye unyevu mdogo wa oili chini inaweza kuwa nzima kabisa, na usiikatae kwa sababu hiyo pekee.

Zikute zikiwa baridi

Mpigie muuzaji simu siku iliyotangulia. Mimi nilimwambia mzee wa Karen, "Mzee, naomba usiiwashe kabla hatujafika," naye alikubali bila neno. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mambo mengi: kiki ngumu, moshi wa mwanzo, cheni inayogonga. Ukifika, weka kiganja kwenye silinda. Ukikuta joto, subiri ipoe au panga siku nyingine. Muuzaji mwema hatakasirika.

Kabla hujagusa kiki, tazama nati. Kama mnunuzi wa ng'ombe anavyomfungua mnyama mdomo atazame meno, mimi hutazama pembe za nati. Triumph za enzi hizo zina nati na bolti za vipimo vya Kiingereza, Whitworth na nduguze, zikichanganyika na UNF, nyuzi za inchi za Kimarekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Spana ya milimita haikai sawasawa juu yake. Huteleza na kula pembe. Kwa hiyo Bonneville yenye nati zilizoliwa imefunguliwa na mtu asiyekuwa na vifaa vyake, na kama alikosa spana sahihi, jiulize alikosa nini kingine huko ndani. Ile ya Karen ilikuwa na nati safi kichwani na kwenye kabureta. Ni kasha la klachi tu lililokuwa na alama za patasi. Nilimwambia dada aandike hilo kwenye daftari: klachi ikaguliwe.

XS650 ni milimita tupu. Spana 10, 12, 14 na 17 zinafanya sehemu kubwa ya kazi, na unazipata katika duka lolote la Kirinyaga Road. Udhaifu wake ni skrubu za msalaba kwenye vifuniko vya pembeni. Zina umbo la Kijapani, na bisibisi ya kawaida huzichimba vichwa. Skrubu zilizochimbwa zote nne kwenye kifuniko kimoja maana yake mtu alikuwa na haraka.

Halafu oili. Bonneville huweka oili yake nje ya injini, kwenye tangi la pembeni chini ya kiti, au ndani ya bomba la fremu kwa zile za kuanzia 1971. Ikisimama wiki nyingi, oili hupenya kwenye pampu taratibu na kushuka hadi kasha la krankshafti. Fungua kifuniko cha tangi utazame. Ukikuta tupu, usiongeze oili wala usipige kiki. Fungua plagi ya chini ya kasha, uitoe yote, ndipo ujaze tangi. Ukiongeza juu ya ile iliyoshuka, injini itakuwa na oili maradufu, na itaitema popote inapopata upenyo.

Kwenye XS650, mwombe muuzaji akuruhusu kufungua kifuniko cha chujio kilicho chini ya injini. Yule wa South C alikubali kwa kuwa oili ilikuwa imefikia kubadilishwa. Wavu wa chujio hicho hupasuka mara nyingi, na ukipasuka uchafu unapita moja kwa moja. Tulichokikuta ni wavu mzima lakini wenye vipande vidogo vya mpira mweusi mgumu. Mpira huo hutoka kwenye kiongozi cha cheni ya kamshafti, unaozeeka na kukatikakatika. Injini haijafa kwa sababu hiyo, lakini ni lazima ifunguliwe hadi kwenye silinda, na gharama hiyo ni juu ya mnunuzi asipojadiliana mapema.

Kuwasha na kusikiliza

Bonneville ina utaratibu wake. Shika klachi, piga kiki mara chache swichi ikiwa imezimwa, ili sahani za klachi zilizogandana zilegee. Fungua petroli. Kabureta za Amal zina kitufe kidogo pembeni. Kibonyeze hadi petroli ichungulie. Washa swichi, tafuta mahali kiki inapokuwa nzito, kisha isukume kwa uzito wa mwili wako wote, si kwa goti.

Moshi wa samawati wa dakika za kwanza unaweza kuwa ni ile oili iliyokuwa imeshuka, na utakwisha. Moshi unaoendelea injini ikiwa ya moto ndio wa kuogopa. Ukitoka unapovuta mafuta, wasiwasi ni ringi. Ukitoka unapoyaachia na kuyavuta tena, baada ya mteremko, wasiwasi ni mirija ya valvu. Injini ikiwa inanguruma, fungua tena kifuniko cha tangi la oili. Utaona oili ikirudi kwa kutema, pamoja na mapovu ya hewa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Isipotema ndani ya dakika moja hivi, zima mara moja.

Sauti ya valvu kugongagonga kidogo ni ya kawaida kwa Triumph. Mlio mzito unaotoka chini, unaoongezeka unapovuta mafuta kwa ghafla, ni shelli za konrodi. Ndani ya krankshafti kuna mrija unaonasa uchafu wa oili. Usiposafishwa kwa miaka mingi hujaa, njia ya oili huziba, na shelli huungua. Muulize mwenyewe ni lini ulisafishwa. Mzee wa Karen alitoa bahasha ya risiti za kazi hiyo, na risiti hizo zilikuwa na thamani kuliko kromu yote iliyong'aa juu ya ile pikipiki.

XS650 ni rahisi kuwasha, na kuanzia toleo la 1972 ina stata ya umeme. Bonyeza mara kadhaa usikilize. Ikikwaruza chuma kwa chuma, gia za stata zimelika. Kiki ipo, lakini bei ishuke. Mlio wa mcharazo katikati ya silinda ni cheni ya kamshafti. Huwa na skrubu ya kuikaza nyuma ya silinda. Kama skrubu imekwisha kuingia hadi mwisho na bado inalia, cheni yenyewe imerefuka.

Hewa ya Nairobi

Hapa ndipo watu wengi wa mji huu hupoteza pesa, kwa sababu vitabu vya mashine hizi havikuandikwa kwa ajili yetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyo na turbo hukosa nguvu kwa kiasi kama hicho, yoyote ile, ya Meriden au ya Japani. Kwa hiyo usitegemee zile nguvu za farasi 46 za Bonneville au 53 za XS650 zilizoandikwa kwenye karatasi.

Jambo la pili ni kompresheni, yaani jinsi silinda inavyobana hewa. Leta geji yako. Injini ikiwa ya moto, toa plagi zote mbili, vuta mafuta hadi mwisho, piga kiki hadi sindano isipande tena. Kitabu kinaweza kukwambia psi 150, nawe ukapata 125 ukadhani ringi zimekwisha. Hewa ndiyo iliyopungua. Linganisha silinda moja na mwenzake, hapo ndipo ukweli ulipo. Bonneville ya Karen ilisoma 125 kushoto na 120 kulia. XS650 ya South C ilisoma 130 na 100. Pengo la kwanza si kitu. La pili lina maana kuwa upande mmoja kuna valvu isiyofunga vizuri au ringi iliyochoka. Tia kijiko kimoja cha oili kwenye silinda iliyo chini, upime tena: ikipanda, ni ringi, isipopanda, ni valvu. Ya South C haikupanda.

Jambo la tatu ni plagi nyeusi. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya Uingereza au ya Pwani, hapa kwetu inatia petroli kupita kiasi, na plagi hujaa masizi makavu. Masizi makavu si ugonjwa wa injini. Weusi unaong'aa na kuteleza kidoleni, huo ni oili, na huo ndio ugonjwa. Kwa Amal, dawa huwa ni kushusha jeti kuu, kitundu kinachopitisha petroli, saizi moja au mbili, kisha kutazama plagi tena. Kabureta za Mikuni za XS650 zina slaidi inayoinuliwa na mvuto wa hewa yenyewe, kwa hiyo hujirekebisha kidogo, ingawa si kabisa. Usiruhusu mtu akuuzie pistoni mpya kabla hajashusha jeti.

Umeme

Bonneville ya 1970 ni ya volti 12, na upande wa chanya wa betri ndio unaoungwa kwenye fremu. Karibu pikipiki nyingine zote unazoziona mjini ni kinyume. Fundi wa boda boda asiyejua hili akiunga betri alivyozoea, anaunguza rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa altaneta uweze kuchaji betri. Tazama waya unaokwenda kwenye fremu umetoka upande gani wa betri. Kisha tazama chini ya taa ya mbele: dayodi ya Zener, inayozuia volti isizidi, hukaa pale ndani ya kipande cha alumini chenye mapezi, kinachopoza joto lake. Kipande hicho kikikosekana, kuna mtu amebadilisha mfumo, na akueleze alibadilisha vipi.

Altaneta ya XS650 inahitaji umeme wa betri ili ianze kuzalisha, na umeme huo unapita kwenye brashi mbili za kaboni. Zikichakaa chini ya milimita 7, chaji inapotea. Weka mita kwenye betri, pandisha injini hadi mizunguko 3,000 hivi. Ukisoma karibu volti 14, endelea. Ukisoma 12, anza na brashi, maana ni bei ndogo.

Njia moja, siku moja

Ziendeshe zote mbili kwenye njia ileile, siku ileile kama inawezekana. Mimi hupenda Ngong Road hadi Ngong mjini, Kiserian, kisha kupanda hadi Corner Baridi na kurudi. Njia hiyo ina jamu, ina matuta, ina mlima na ina mteremko.

Kwenye jamu, sikiliza klachi. Ikianza kukokota injini inapochemka, usipate gia huru, kuna kazi hapo. Kwenye matuta, Bonneville ni nyepesi, karibu kilo 165 bila mafuta, na unaihisi inageuka kwa wazo tu. XS650 ya miaka hiyo hupita kilo 200 ikiwa imejazwa. Mlimani, Bonneville ina gia nne na hutaki nyingine; XS650 ina tano na inataka uzitumie.

Breki zinahitaji umakini. Ya Karen ina ngoma kubwa ya mbele, nzuri ikirekebishwa, lakini kwenye mteremko mrefu hupata moto na kulegea, na ukisimama mlimani ukaanza kurudi nyuma haishiki vizuri. Ya South C ina diski moja mbele: ina nguvu kukiwa kukavu, lakini mvua ya Aprili ikinyesha huchelewa kushika. Na kumbuka kwamba gia ya Triumph hiyo iko mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto. Aliyejifunza kwa pikipiki za kawaida, wakati wa hatari mguu wake utakwenda pasipo pake. Fanya mazoezi kwenye uwanja mtupu kwanza, hadi mguu uzoee, ndipo uingie barabarani.

Zote mbili zinatetemeka. Bonneville hulegeza vifuniko vidogo vya valvu hadi vinadondoka njiani. Kagua kama vyote vinne vipo na kama nyuzi zake ni nzima.

Karatasi

Linganisha logibuku na namba zilizogongwa kwenye chuma, zote mbili. Ya injini ya Triumph iko kushoto, chini kidogo ya silinda, na ya fremu iko kwenye shingo ya usukani. Kiwandani zilitoka zikifanana. Kuanzia 1969, sehemu inayogongwa namba ya injini ina alama ndogondogo za jina la Triumph nyuma ya tarakimu. Ukikuta pamelainishwa, ondoka. Ya XS650 iko shingoni na juu ya kasha. Usilipe chochote kabla muuzaji hajaanzisha uhamisho wa NTSA, mamlaka ya usafiri, kwenye eCitizen mbele ya macho yako.

Ipi basi?

Ukiniuliza kwa jumla, mtu anayetaka pikipiki moja ya zamani ya kuendesha Nairobi mara kwa mara, namwambia XS650. Spana zake zipo, stata ipo, haimwagi oili, na fundi mwenye akili timamu ataielewa. Lakini zile mbili zilizokuwa mbele yetu zilisema vingine. Ya South C ilihitaji kichwa kufunguliwa, valvu, kiongozi cha cheni, na mwenye nayo hakutaka kushusha bei. Ya Karen ilikuwa na kompresheni sawa pande zote, oili inayorudi, risiti za krankshafti, na kasoro ya klachi tuliyoiona kwa macho. Dada alichukua Bonneville, nami nilimuunga mkono kwa moyo wote.

Spea za zote mbili bado zinatengenezwa ng'ambo na kufika kwa posta au kwa kampuni za mizigo. Weka akiba ya ushuru, usihesabu bei ya dukani tu. Beringi na sili nyingi utazipata mjini ukienda na namba au na ile ya zamani mkononi. Cheni ya nyuma ya zote mbili ni saizi 530, si 428 ya boda boda. Waya za klachi na za mafuta zinatengenezwa hapahapa Nairobi, na vizuri, ukipeleka ya zamani iwe kipimo.

Wiki ya kwanza, kwa yoyote utakayochukua: badilisha oili ikiwa ya moto, safisha chujio zote, weka petroli mpya, rekebisha pointi za cheche na valvu injini ikiwa baridi kabisa. Kwa Bonneville valvu ni inchi 0.002 za kuingiza na 0.004 za kutoa moshi. Kisha badilisha oili tena baada ya kilomita 500, kwa sababu ile ya kwanza itakuwa imeosha uchafu wa miaka, na baada ya hapo usivuke kilomita 2,500 bila kubadilisha.